Likeness: neno dogo lililoniumbua kwenye fomu ya ukurasa mmoja

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wale wanaopenda kuchokonoa maneno. Wa siasa na mpira mtanisamehe leo.

Kazi yangu ni kutafsiri. Miezi michache iliyopita nilipewa fomu ya ridhaa, ukurasa mmoja tu, ya watu waliokuwa wanakwenda kurekodiwa kwenye video za mafunzo. Kulikuwa na mstari huu: "I grant the right to use my name, voice and likeness." Nikajisemea hii ni kazi ya dakika kumi. Nikaandika: "Natoa haki ya kutumia jina langu, sauti yangu na mfanano wangu." Nikatuma, nikaenda kulala.

Kesho yake fomu ikarudi. Mama mmoja kati ya waliotakiwa kusaini alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu: "Mfanano wangu na nani?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana jibu sikuwa nalo.

Yule mama alikuwa sahihi kuliko mimi. Kwa Kiswahili mtu hafanani peke yake. Kitenzi chenyewe kina -ana mkiani, ile ile ya kuagana, kupigana na kupendana. Nani ameshawahi kuagana akiwa mmoja? Tazama na wenzake: kulingana, kulandana, kuwiana, kushabihiana. Yote yana -ana. Kwetu mfanano ni kitu kinachokaa katikati ya wawili, ukimwondoa mmoja unabaki na hewa.

Likeness nayo inayo maana hiyo. "There is a strong likeness between the sisters", dada hawa wamefanana mno. Hapo mfanano unatosha, hakuna kesi. Shida ni kwamba neno hilo lina maana ya pili, na humo mtu wa pili hayupo. Ni ile nakala ya umbo lako: picha, mchoro, sanamu, katuni, kitu chochote ambacho mtu akikitupia jicho atasema "huyu si fulani?" Hapo likeness ni kitu kamili. Unaweza kukitundika ukutani, kukikodisha, kukiuza, hata kuibiwa. Na fomu ilikuwa inaomba kitu hicho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifukua hili neno. Asili yake ndiyo iliyonimaliza. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya uvamizi wa Wanormani wa 1066, kilikuwa na "gelicnes". Humo ndani kuna "lic", maana yake mwili, umbo. "Ge-" ya mbele ilibeba maana ya pamoja. Kwa hiyo "gelic", baba yake "like", ni mwenye umbo moja na mwingine. Baadaye lile "lic" la mwili likasinyaa likabaki na maana ya mwili usio na uhai. Makanisa ya zamani ya Uingereza yana lango lenye paa, jeneza lilikuwa likiwekwa hapo kumsubiri kasisi. Lango hilo huitwa "lychgate", yaani lango la maiti. Wajerumani mpaka leo husema "Leiche" kwa maiti na "gleich" kwa kitu kilicho sawa na kingine. Waholanzi wana "lijk" na "gelijk". Maiti na mfanano ni mtu na nduguye.

Na haliishii hapo. Ile -ly ya "friendly" na "quickly" ni mwili huo huo, umechakaa tu kwa kutumika. "Such", "which" na "each" nazo zimeubeba tumboni: kwa Kiingereza cha kale zilikuwa swylc, hwylc na ælc, ile lc ya mwisho ndiyo lic yetu. Ukisema "likely" umetamka mwili mara mbili.

Swali langu kwenu ni moja: mngeitafsirije fomu ile?

#2

Umeanza na maiti asubuhi asubuhi. Naweka kambi hapa, tiririka mkuu.

#3

Mkuu, mimi niliwahi kuona kwenye maandishi ya chini ya filamu "likeness" imeandikwa "hali ya kupendwa". Nikajua ndiyo hiyo hiyo "like" tunayobonyeza mitandaoni. Kumbe?

#4 Mwanzisha uzi

Aliyeandika vile alipotea, ila alipotelea karibu na nyumbani. "Like" ya kupenda inatoka kwenye kitenzi cha kale "lician", kupendeza au kufaa, na mzizi wake ni ule ule wa mwili na umbo. Zamani kitenzi hicho kilikwenda kinyume na leo: kitu ndicho kilichompendeza mtu. Shakespeare kwenye King Lear anampa mhusika maneno haya: "His countenance likes me not." Maana yake sura yake hainipendezi, wala si kwamba sura hiyo hainipendi mimi. Baadaye kitenzi kikageuka, anayependa akakaa mbele.

Kwa hiyo kupenda na kufanana ni watoto wa baba mmoja, lakini "likeness" ni ya kufanana peke yake. Kupenda kuna "liking", tena yenyewe hutumika kwa uchache: "he took a liking to her".

#5

Hapo kwenye kufaa na kufanana, mkuu, umenigusa. Sisi husema "sherehe imefana", imependeza, imekwenda ilivyotakiwa. Kufana. Ongeza -ana, unapata kufanana. Geuza kuwa jina, unapata mfano. Kiswahili nacho kimeviweka kufaa na kufanana chumba kimoja, na hakuna aliyemwigiza mwenzake.

Na angalia jambo ambalo naona umelipita. Tuna majina mawili. MFANANO umebeba -an- ya kutendana, kwa hiyo lazima wawepo wawili, yule mama kakubana kihalali. MFANO hauna hiyo -an-. Mfano husimama wenyewe: ni kitu kinachoonyesha kingine. "Mfano wa nyumba" mezani kwa mchoraji ramani unaweza kuwepo hata nyumba yenyewe haijajengwa. Ulikuwa na neno mkononi ukaongeza silabi moja, ukaharibu.

#6 Mwanzisha uzi

Mkuu #5, silabi moja. Umeniua. Sikuliona hilo kabisa.

Ila jaribu kusema "natoa haki ya kutumia mfano wangu". Msomaji wa leo atadhani ni mfano niliotoa darasani. "Mfano" limeshachukuliwa na "kwa mfano". Linabeba maana, lakini kwenye fomu litapotosha.

#7

Salaam kwenu. Mimi ni mhubiri wa kawaida, nataka kuongeza kitu kuhusu hilo la mfano. Mwanzo 1:26 katika Biblia ya King James ya 1611 inasema mtu afanywe "in our image, after our likeness". Union Version ya Kiswahili: "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu." Wengi husoma haraka wakadhani watafsiri walipindua mpangilio, "image" ndiyo sura na "likeness" ndiyo mfano. Fungua Mwanzo 5:3, Adamu anapomzaa Sethi. Pale Kiebrania chenyewe kinageuza mpangilio, Kiingereza nacho: "in his own likeness, after his image". Na Kiswahili? "Kwa sura yake, kwa mfano wake." Kimegeuka pamoja nao. Maana yake watafsiri walikuwa na hesabu zao: image ni mfano, likeness ni sura.

Sasa nenda Kutoka 20:4, amri ya sanamu za kuchonga. Kiingereza kina "any likeness of any thing". Kiswahili: "wala mfano wa kitu". Hapa likeness imekuwa mfano. Na hawakukosea, kwa sababu Kiebrania cha pale ni neno jingine kabisa, "temuna", na la Mwanzo ni "demut". Kiingereza ndicho kilichotupa maneno mawili kwenye kapu moja.

Barua kwa Wafilipi 2:7, "in the likeness of men", imekuwa "ana mfano wa wanadamu". Kwa hiyo mwanzisha uzi usijilaumu sana, waliokutangulia walitumia maneno mawili kwa neno hilo moja, kila moja mahali pake.

#8

Mhubiri asante. Nimefungua vyote vitatu nikathibitisha. Miaka yote nasoma Mwanzo 5:3 sikuwahi kuona kwamba imegeuzwa.

#9

Naomba kuwasumbua kidogo, mimi ni mwalimu wa Kiingereza na nina kiherehere na mambo haya. Mnaruka juu sana, wakati chini watu wanaanguka kwenye vitu vidogo. Naandika yale ninayosahihisha kila muhula.

Kwanza "resemble". Wanafunzi wangu wote huandika "he resembles to his father" au "resembles with". Ni ile "na" ya "anafanana na" inayowasumbua. Resemble haitaki daraja, inamrukia mtu moja kwa moja: "he resembles his father". Lakini ukiligeuza jina, daraja linarudi: "a resemblance to his father". Na usiseme "he is resembling", isipokuwa unaeleza badiliko linaloendelea taratibu.

"Alike" haitangulii jina. "Alike twins" hakuna, ni "the twins are alike". Ukitaka kitangulie jina tumia "similar" au "identical", na tambua kwamba identical ni sawa sawa kabisa, similar ni kukaribiana.

"Take after" ni kwa mtoto na waliomzaa au wakubwa wa ukoo, sura au tabia. Baba hawezi ku-"take after" mwanawe. Kwetu tunasema mtoto amechukua sura ya baba, kitenzi ni kile kile cha kuchukua, inapendeza. "Look like" ni kwa yeyote.

Likeness yenyewe: "likeness between" kwa wawili, "likeness to" kwa mmoja kuelekea mwingine, "likeness OF" kwa picha. Hiyo "of" ndiyo taa ya kukuonyesha uko kwenye ile maana ya pili. "A likeness to the queen" ni ile hali ya kufanana na malkia. "A likeness of the queen" ni picha au sanamu ya malkia. Herufi mbili tu!

Jamani na "likewise" si "vile vile napenda". Nimechoka.

#10

Mwalimu umechoka kweli, pole 😂 Ila hiyo ya "to" na "of" naihifadhi.

#11

Vipi kuhusu "spitting image" na "dead ringer", zile za mtu aliyefanana na mwingine kabisa? Nilisoma kwamba dead ringer ni mtu aliyezikwa akiwa hai akapiga kengele kutoka kaburini.

#12 Mwanzisha uzi

Hiyo ya kengele ni hadithi ya kutungwa, inasambaa kwa sababu ni tamu. "Ringer" ni msimu wa mbio za farasi Marekani, mwishoni mwa karne ya 19: farasi mwenye kasi anayeingizwa kwa siri badala ya mwingine anayefanana naye ili wajanja wale kamari. "Dead" hapo ni "kabisa", kama "dead right". Maiti hawahusiki safari hii.

Spitting image ni mate kweli. Watu walianza kwa kusema mtoto ni "the very spit of his father", kama vile baba kamtema. Baadaye ikawa "spit and image", masikio yakaiviringisha mpaka ikawa spitting. Wafaransa nao husema mtoto ni baba yake "tout craché", katemwa mzima mzima. Sisi tuna "wamefanana kama shilingi kwa ya pili", ambayo naona ni safi zaidi, haina mate.

Na kwa faida ya wanaopenda mizizi: "resemblance" na "similar" wanatoka kwa Walatini, "similis". Humo humo mna "facsimile", fanya kinachofanana, ndiyo iliyotupa faksi.

#13

Wakuu mimi naona mnazunguka mbuyu. Fomu inataka "sura". Jina, sauti na sura. Imekwisha. Kila mtu anajua sura ni nini. Kwani mkisema "natoa haki ya kutumia sura yangu" nani hataelewa?

#14 Mwanzisha uzi

Nami ndivyo nilivyoandika mara ya pili, nisikufiche. Nikaona nimemaliza. Hoja yako ina nguvu, hasa kwa vile sura tuliipata kwenye Kiarabu ikiwa na maana ya umbo na picha, na "taswira" inatoka kwenye mzizi huo huo. Kiingereza kilitoka kwenye mwili kikafika kwenye picha, Kiarabu kilitoka kwenye umbo kikafika kwenye picha.

(Kichekesho: Waarabu wana sura mbili zenye s tofauti, moja ya umbo na moja ya Kurani. Sisi tumezibana zikawa moja, ndiyo maana kitabu chetu kina sura na mwandishi wake ana sura.)

Ila ngoja kwanza nikuulize: mtu akikuchora kwa nyuma, kisogo tu na mabega, na kila anayekufahamu akasema "huyu ni yeye", ametumia sura yako?

#15

Hapo ndipo sheria inapoingia, niruhusuni. Nasoma sheria na hii mada ilinikalisha usiku mzima wakati fulani.

Kesi ya kwanza ya kuijua: Vanna White dhidi ya Samsung, Marekani. Huyu mama alikuwa akigeuza herufi kwenye mchezo wa televisheni. Tangazo likatoka na roboti. Halikuwa na uso wake wala jina lake. Roboti limevalishwa wigi, gauni na vito, limesimama kando ya ubao kama ule wa mchezo wake. Kila aliyeliona alimwona yeye. Akashtaki. Sheria ya California inamlinda mtu dhidi ya kutumiwa jina, sauti, sahihi, picha na LIKENESS yake kibiashara bila ruhusa. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ikasema: roboti lenye viungo vya mashine si likeness yake kwa maana ya sheria ile iliyoandikwa. Lakini ikaongeza kwamba haki ya mtu juu ya utambulisho wake, ile inayotokana na maamuzi ya mahakama, ni pana zaidi ya hapo, na shauri lisikilizwe. Jopo la raia likaja kumpa dola 403,000.

Onjeni utamu wake. Wigi, gauni na mahali aliposimama vilimtaja mtu bila kufanana naye. Mahakama ikalazimika kutenganisha "kinachofanana nawe" na "kinachokutambulisha".

Kesi ya pili ni ya Ed O'Bannon, aliyechezea mpira wa kikapu chuo cha UCLA na kuchukua ubingwa 1995. Miaka baadaye akaonyeshwa mchezo wa kompyuta, humo yumo mchezaji wa UCLA wa umbo lake, jezi namba 31, namba yake. Jina halikuwekwa na hakulipwa hata senti. Akashtaki 2009, na 2014 jaji akaamua kwamba masharti ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ya kuwanyima wachezaji malipo ya kutumiwa majina na taswira zao yalivunja sheria ya ushindani. Mambo yakaendelea mpaka tarehe 1 Julai 2021, wanamichezo wa vyuo wakaruhusiwa kulipwa kwa kile kinachoitwa NIL: name, image, likeness. Leo kuna watu wanasema NIL kama neno la kawaida, bila kuwaza kwamba ile L mwisho ni mwili wa Kiingereza cha kale.

Sasa ndugu #13, jezi namba 31 ni "sura"?

#16

#13 hapa. Nimeelewa. Jezi si sura. Nimeinua mikono.

#17

Samahani, mimi msomaji tu. Kwa hiyo "image" na "likeness" kwenye hiyo NIL tofauti ni ipi? Si vyote picha?

#18

(Wa sheria tena.) Kwa matumizi ya kawaida, image ni picha yako halisi, ya kamera. Likeness ni chochote kilichotengenezwa kikafanana nawe: mchoro, katuni, kikaragosi cha mchezo, sanamu, mwigizaji aliyefanana nawe. Waandishi wa mikataba huviweka vyote viwili makusudi, mlango mmoja ukifungwa mwingine ubaki wazi. Usitafute mpaka mkali, hawautaki.

#19

Katika karne ya 19 wala hapakuwa na tofauti hiyo. Picha za kamera za Mfaransa Daguerre zilipotangazwa 1839, Waingereza na Wamarekani hawakuwa na neno la kila siku kwa kitu kile, wakachukua lile la wachoraji: "to have one's likeness taken". Wengine waliita kivuli. Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa utumwani akawa mtetezi wa uhuru, alikuwa akiuza picha zake ndogo ili kugharimia kazi yake, na chini yake aliandikisha: "I sell the shadow to support the substance." Nauza kivuli kukimu kiini. Hii ni miaka ya 1860. Huyu mama aliielewa likeness kuliko mikataba yote mliyoitaja: picha yangu ni mali yangu, na wa kuiuza ni mimi.

Na likeness inaweza kumdanganya mtu pia. Henry wa 8 wa Uingereza alimtuma Holbein akamchore Anne wa Cleves 1539, akaipenda picha, wakafunga ndoa Januari 1540, Julai ndoa ikafutwa. Alilalamika kwamba mke hakuwa kama alivyosimuliwa. Holbein hakuadhibiwa, watu husahau hilo. Aliyekatwa kichwa ni Thomas Cromwell, aliyekuwa mstari wa mbele kuipanga ndoa ile, ingawa alikuwa na maadui wa kutosha hata bila picha.

#20

Naona tunafurahia historia lakini moto uko hapa. Programu nyingi za simu zenye kuhariri nyuso na sauti zina kifungu hicho hicho alichokileta mwanzisha uzi. "Name, voice and likeness." Tunabonyeza "nakubali" tukiwa kwenye foleni. Zamani ukitoa likeness yako ulitoa picha moja. Siku hizi kwa picha chache na sauti ya muda mfupi wanakutengenezea mtu mzima anayeongea mambo ambayo hujawahi kuyasema. Waigizaji wa Marekani walipogoma 2023, siku 118, moja ya hoja zao kubwa ilikuwa hii: nakala ya kidijitali isitengenezwe bila ridhaa yao na malipo. Tennessee wakatunga sheria 2024 ya kulinda sauti na likeness dhidi ya akili bandia, wakaipa jina la kifupi ELVIS. Herufi ya pili, L, ni likeness. Neno la zamani kuliko yote humo ndani ndilo linalotumika kwenye vita mpya kuliko zote.

Kwa hiyo tafsiri si anasa. Mtu akisaini "mfanano wangu" ametia sahihi kitu asichokijua.

#21 Mwanzisha uzi

#20 umesema nililotaka kusema kwenye bandiko la kwanza nikashindwa.

Nirudi kwenye fomu. Nilijaribu hivi kwa mfuatano: "mfanano wangu", mama akanikamata. "Sura yangu", nikaona jezi namba 31 imebaki nje, hata kabla sijaijua kesi yenyewe, maana kwenye zile video kulikuwa na mpango wa kutengeneza katuni za washiriki. "Taswira yangu", karibu, ila mteja akasema inasikika kama ushairi. "Mshabaha wangu", zuri masikioni, lakini watu watatu kati ya wanne niliowauliza walinitolea macho.

Mwisho nikaacha kutafuta neno moja. Kiingereza kina neno moja kwa sababu limekuwa likibeba mizigo kwa zaidi ya miaka elfu. Sina sababu ya kulilazimisha la kwetu libebe yote kwa siku moja. Nikaandika: "Natoa haki ya kutumia jina langu, sauti yangu, picha yangu, na mchoro au umbo lolote litakalotengenezwa ambalo kwalo mtu anaweza kunitambua."

Ni ndefu, najua. Mteja alilalamika kwamba mstari umekuwa miwili na fomu imevuka ukurasa.

#22

Mwalimu wa Kiingereza hapa. "Ambalo kwalo" imenipa kichefuchefu kidogo lakini maana imekaa. Ningeandika "litakalomfanya mtu anitambue".

#23 Mwanzisha uzi

Mwalimu nakubali, yako inateleza vizuri zaidi. Bahati mbaya zimeshachapwa.

#24

Na yule mama je? Alisaini?

#25 Mwanzisha uzi

Aliletewa fomu mpya, akaisoma mara mbili, akauliza kama katuni nayo imo. Akaambiwa imo. Akasema, "Sasa nimeelewa. Jina na sauti chukueni." Halafu akachukua kalamu, akapiga mstari kuanzia "picha yangu" mpaka kwenye nukta, akasaini chini yake.